Mbona kurudi hakuzama? Kisa cha kijana wa Malindi na theluji ya mapajani

Kisa chenyewe ni hiki. Mtoto wa ami yangu, kijana wa hapa hapa Malindi, mzaliwa wa Shella, yuko Trentino kaskazini ya Italia, anafanya kazi ya jikoni hotelini msimu wa baridi. Mwezi wa kwanza, siku yake ya ofu, akatoka na wafanyakazi wenzake wawili, binti na mchumba wake, wote wenyeji wa kule, wapande kwa miguu mpaka kwenye kibanda cha wachungaji ambacho siku hizi ni mkahawa. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili mfululizo, nusu mita ya mpya juu ya ile ya zamani. Wote watatu walikodi viatu vya theluji, vile vya plastiki ambavyo kule wanaviita chaspole. Kwenda, dogo alizama mpaka mapajani, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, safari ya saa moja na nusu ikala karibu saa nne. Kurudi, njia ile ile, viatu vile vile, mtu yule yule, alishuka bila kuzama hata mara moja.

Hapo ndipo maneno yalipoanza huku nyumbani. Mjomba wake, ambaye barafu ameiona kwenye friza ya samaki tu, akasema barazani, "Yuwaongopa huyo. Kama viatu vilikuwa vibovu mbona kurudi vilifanya kazi? Uvivu tu, amenona na pasta." Rafiki yake mmoja wa Watamu akasema hapana, duka lilimpa viatu vibovu kwa vile ni mgeni. Mamake akasema wale wenzake walimwacha nyuma makusudi. Kila mtu na hukumu yake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza theluji ilikuwa ya aina gani, dogo alikuwa na kilo ngapi siku ile pamoja na mzigo, nani alitangulia, na walikaa kule juu muda gani kabla ya kushuka.

Mimi nilikaa kule misimu kadhaa kabla sijarudi nyumbani, nikaanza kwa kuosha vyombo nikamalizia kwenye duka la kukodisha vifaa vya theluji, kwa hivo nikampigia dogo tukaongea kirefu, akanitumia picha zote na ile ramani ya saa yake inayoonesha alikuwa wapi saa ngapi. Nilichokipata ndio hiki naandika. Na niseme mapema tu, mjomba amekosea, lakini swali lake la "mbona kurudi" ndilo swali bora kuliko yote yaliyoulizwa, sababu jibu lake ndilo linalofungua kisa kizima.

Tuanze na theluji yenyewe, manake watu wengi huku wanadhani theluji ni barafu iliyosagwa, ukiikanyaga unakanyaga kitu. Theluji mpya kavu ni hewa. Mita moja ya ujazo ya barafu ni kama kilo 917, mita moja ya ujazo ya theluji iliyoanguka jana usiku kwenye baridi ni kilo 50 mpaka 100 hivi. Chota ndoo ya lita 20 uijaze theluji ya namna hio uipeleke jikoni, ikishayeyuka unapata lita moja au mbili za maji, basi. Zile chembe zake zina matawi matawi, zimeegemeana kidogo tu kwenye ncha, ukiweka uzito matawi yanavunjika na wewe unashuka nayo mpaka ufike mahali pamebanana kiasi cha kukubeba. Ikikaa siku kadhaa yenyewe inajishindilia, inafika kilo 200, 300, na hapo hata kiatu cha kawaida unaweza kupita nacho baadhi ya sehemu. Sasa hawa walitoka asubuhi baada ya siku mbili za kuanguka, nje kuna digrii 8 chini ya sifuri, hakuna upepo mkubwa wala jua la kuigusa. Yaani theluji laini kuliko zote, ile ambayo watu wa skii wanaililia na mtu wa miguu anaikoma.

Sasa uzito. Dogo ana kilo 98, si kunona, ni mrefu, mita 1.90 na kifua cha mtu aliyekua akivuta mashua. Ukiongeza buti, jaketi, begi, maji na vyakula alivyobebeshwa kwa vile ndiye mwenye nguvu, inafika kama kilo 106. Yule binti na mzigo wake mdogo ni kilo 64 hivi, mchumba kilo 84. Na wote watatu, nimeangalia picha vizuri, walikuwa na kiatu cha saizi moja, urefu kama sentimita 55 upana 20. Ukitoa zile kona za mviringo linabaki eneo la kama sentimita za mraba 950 kwa mguu mmoja.

Ukitembea, kuna wakati uzito wako wote uko juu ya mguu mmoja. Dogo akiwa na buti tupu, soli yake ni kama sentimita za mraba 280, kwa hivo kila sentimita ya mraba inabeba gramu 380 hivi. Akivaa chaspole inashuka mpaka gramu 110. Tofauti kubwa hio, na ndio kazi nzima ya kiatu cha theluji, hakuna uchawi mwingine, ni kutandaza uzito. Lakini yule binti, kiatu kile kile, anabonyeza gramu 67 tu. Mwenzake kama 88. Maana yake mahali ambapo binti anazama chini kidogo ya goti, dogo hawezi kusimama pale pale, lazima aende chini zaidi kutafuta theluji iliyobanana. Lau angepewa vile vikubwa vya sentimita 75 kwa 23, ambavyo vina eneo la kama 1,500, angeshuka mpaka gramu 70, yaani karibu sawa kabisa na binti. Hesabu ya darasa la sita hii, mtu wa kaunta alikuwa na kalamu na karatasi mbele yake na hakuifanya.

Kuna picha moja dogo alipiga ameketi kwenye gogo amegeuza kiatu anatoa theluji iliyoganda chini, kwenye yale meno ya chuma. Nikaikuza. Pembeni ya meno, kwenye plastiki, kuna maandishi madogo yamejaa theluji nusu, lakini yanasomeka: uzito mpaka kilo 80. Kilo 80! Hata ukimvua dogo kila kitu umtie kwenye mizani amechemsha tayari. Kwa hivo rafiki wa Watamu ana haki nusu. Viatu havikuwa vibovu, vilikuwa vizima kabisa, mikanda mizuri, meno makali, ila havikuwa vyake.

Sitaki kulisagia meno lile duka sana, na sababu yake inahusu mkoa wenyewe. Pale Trentino, kwenye bonde la Val di Non, kuna mbio za chaspole zinaitwa La Ciaspolada, zilianza 1973, hufanyika karibu na ile sikukuu yao ya tarehe 6 Januari, na maelfu ya watu wanashiriki, wengine wanakimbia kweli wengine wanatembea na watoto. Zile mbio ni juu ya njia iliyoshindiliwa. Wateja wengi wa maduka kule ni hao hao, watu wa kutembea kwenye barabara za msituni zilizokwisha kanyagwa na mia ya watu wengine, na kwa njia kama hio kiatu kidogo ni bora, chepesi, hakikugongi visigino, hata mtu wa kilo 100 anapita nacho. Duka linanunua kile kinachotoka. Jamaa wa kaunta akiona watu watatu vijana anatoa pea tatu za saizi ya kawaida, anaangalia namba ya buti afunge mikanda, anasema haya buon divertimento, yaani mfurahie. Hakuuliza kilo wala mnaenda wapi, na leo njia zimekanyagwa au hazijakanyagwa ndio kabisa. Nimesimama nyuma ya kaunta kama hio, najua jinsi Jumamosi asubuhi foleni inavyokufanya uache kuuliza. Lakini kosa ni pale, dakika ile, kabla hawajagusa theluji.

Mjomba alipoambiwa haya akarudi na lingine, kwamba haya makitu ni michezo ya watalii, wenyeji wa zamani walikuwa wanatembea kwa buti zao. Si kweli hata kidogo. Mwaka 2003 kule kule milimani, mkoa wa jirani wa Alto Adige mpakani na Austria, kwenye barafu ya Gurgler Eisjoch zaidi ya mita 3,100 juu, mchora ramani mmoja wa Kiitaliano aliokota kiatu cha theluji cha mti unaoitwa birch, kipete cha mviringo kimefungwa kamba, akakaa nacho ofisini kwake miaka na miaka akidhani ni cha mfugaji wa juzi juzi. Kilipokuja kupimwa kikakutwa ni cha kati ya 3800 na 3700 kabla ya Kristo. Ni cha zamani kuliko yule Ötzi, maiti aliyekutwa kwenye barafu mwaka 1991 milima hio hio. Mtu wa miaka karibu elfu sita iliyopita alishajua kwamba huko juu buti peke yake haifai, na alikijua kitu kile kile tunachobishania, eneo.

Haya. Mpaka hapa tumeeleza kwanini alizama kwenda. Lakini hatujajibu swali la mjomba, tena tumelifanya gumu zaidi, sababu kama kiatu kilikuwa kidogo kwenda basi kilikuwa kidogo kurudi pia. Uzito wake ulipungua labda chupa moja ya maji, na alikula polenta, ule ugali wao, na jibini kule juu kwa hivo sidhani kama hata hio ilipungua. Mbona alipita?

Hapa dogo mwenyewe alisema kitu bila kujua kwamba ndio ushahidi. Akanambia, "Kaka, cha ajabu, pale juu karibu na kibanda bado palikuwa panabonyea kidogo, lakini kadri nilivoshuka ndio ikazidi kuwa ngumu, huku chini karibu na gari nilikuwa nasikia kabisa meno ya chuma yanakwaruza." Nikamwambia rudia tena hio sentensi. Akarudia.

Fikiria mfuatano wake. Njia ya chini, karibu na gari, waliikanyaga saa tatu asubuhi na wakairudia saa kumi jioni. Njia ya juu waliikanyaga saa saba kasoro na wakairudia saa tisa. Chini imekaa kama saa saba baada ya kukanyagwa, juu imekaa kama saa mbili. Na ugumu ukafuata mpangilio huo huo, penye muda mrefu pagumu zaidi, penye muda mfupi paliinama kidogo.

Theluji ikikanyagwa, zile chembe zinavunjika matawi, zinakuwa vipande vidogo vidogo vimebanana, vinagusana sehemu nyingi. Halafu pale zinapogusana zinaanza kushikana, mvuke unatoka kwenye sehemu zilizochomoza unaganda kwenye makutano, linatokea daraja la barafu baina ya chembe na chembe, linanenepa taratibu. Haihitaji kuyeyuka wala jua. Inaanza dakika ile ile ulipoinua mguu na inaendelea masaa. Joto likiwa karibu na sifuri inakwenda haraka, kwenye baridi kali sana kama ya nchi za ncha inakwenda polepole, na kwa ile baridi yao ya digrii 5 mpaka 8 chini ya sifuri masaa machache yanatosha kugeuza shimo laini likawa kikanyagio. Mashimo yote yale dogo aliyoyachimba kwa mateso asubuhi, kwa mguu wake, kwa kilo zake 106, yalikaa yakagandana yakimsubiri. Alikuwa anajijengea ngazi bila kujua.

Nilijiuliza kama ni jua lilipiga mchana likayeyusha halafu ikaganda tena jioni, sababu hilo pia hutokea sana na lingeeleza mambo. Lakini njia yao karibu yote ni msitu, upande wa kaskazini wa mlima, na mwezi wa kwanza jua upande ule haliingii. Na yule binti alikuwa na kipimajoto begani, hakikupanda juu ya 5 chini ya sifuri siku nzima. Kwa hivo hapana, ni kushikana kwa chembe tu.

Watu wa theluji wanaijua sana tabia hii na wanaitumia. Yale magari makubwa ya kusawazisha njia za skii hufanya kazi usiku, nilikuwa nayaona kwenye dirisha la jikoni nikiwa na masufuria, taa zinapanda na kushuka mlimani mpaka usiku wa manane, sababu ukishindilia jioni inalala inagandana, asubuhi ni ngumu. Waendesha sledi za mbwa kule Alaska na Canada nao hutangulia na viatu vya theluji kufungua njia, wakaiacha ilale usiku, kesho yake ndio mbwa wanapita. Ukimwuliza mzee wa Trentino jinsi ya kupanda penye theluji mpya anakwambia toka baada ya mwingine kutoka, ikiwezekana baada ya mwingine wa jana.

Kuna jambo lingine hapo kwenye kwenda, na hili nusura linipite. Mamake anasema walimwacha nyuma makusudi. Hawakumwacha, walimweka nyuma kwa hisani. Wazo lao lilikuwa kwamba mgeni aje mwisho apite kwenye njia iliyokwisha funguliwa, wao wepesi wenye uzoefu wataifungua. Nia nzuri kabisa na kwa watu wenye uzito unaolingana ni sahihi, wa mbele ndiye anayechoka na wa nyuma wanapumzika, mnabadilishana kila baada ya muda. Lakini njia iliyofunguliwa na mtu wa kilo 64 dakika moja iliyopita inabeba kilo 64. Haijapata muda wa kugandana. Anakuja wa 84 anaishusha kidogo. Anakuja wa 106 anaipasua, na anaipasua vibaya, upande mmoja wa kiatu unashika upande mwingine unazama, kifundo kinapinda, anaanguka ubavu. Halafu hatua yake ni ndefu. Binti anakanyaga hapa na hapa na hapa, dogo anakanyaga hapa na anaruka mpaka kule, mguu wake unatua juu ya kile kituta baina ya shimo na shimo, ambacho hakuna aliyekikanyaga kabisa. Akaniambia kila mara alikuwa anaona mashimo yao mazuri mbele yake na mguu wake hauingii. Si maajabu.

Mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye tope la mikoko pale Mida maji yakitoka anaijua hii, unafuata nyayo za mtoto ukidhani kwamba ukipita alipopita utapita, unajikuta kiunoni naye yuko mbele anakucheka. Dogo amekulia huku, angelikumbuka tope angefupisha hatua atue ndani ya mashimo yale yale, au angesema jamani nitangulieni mbali kidogo nifuate pembeni kivyangu.

Kuanguka kwenyewe nako kulimla muda mwingi kuliko kutembea. Kwenye theluji ya namna hio ukianguka ukaweka mkono chini ujiinue, mkono unaingia mpaka begani hakuna kitu. Dawa yake ni kulaza zile fimbo mbili msalaba juu ya theluji, unaweka mkono katikati ya msalaba unasukuma hapo. Tena fimbo zenyewe zilikuwa za matembezi ya kiangazi, zile zenye kisahani kidogo chini kama kifuniko cha soda, zinachoma theluji mpaka mwisho, ilitakiwa kisahani kipana. Na mara moja alijaribu kurudi nyuma kinyumenyume, mkia wa kiatu ukachoma chini akakaa chali, karibu na mti, kwenye lile shimo ambalo hujificha chini ya matawi ya mti wa msonobari kwa vile theluji haifiki pale vizuri. Wakamtoa wawili. Viatu vya theluji havirudi nyuma, unageuka kwa hatua ndogo ndogo za duara, na mti wenye matawi ya chini unaupitia mbali.

Nguo, kwa ufupi: alivaa fulana ya pamba ndani. Akatoka jasho kupanda, likaloa, walipofika kibandani akawa anatetemeka mpaka akapewa ya sufu ya mtu. Pamba kule ni ya kulalia.

Na saa. Mtu wa Malindi jua linamzamia saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, hana sababu ya kuliwaza. Kule mwezi wa kwanza saa kumi na moja jioni hivi limekwisha zama, na bondeni milima inalificha mapema zaidi. Walipanga kuwa juu saa nne na nusu, wakafika saa saba kasoro. Ilipofika saa tano bado hawajafika hata nusu walitakiwa kugeuka, na kila mtu ninayemjua wa kule angegeuka. Hawakugeuka kwa sababu kibanda kilikuwa kimeagizwa chakula. Bahati yao njia iligandana wakashuka kwa saa moja na kidogo. Njia ingebaki laini, wangeshukia gizani na mtu mmoja mwenye jasho lililopoa.

Lakini lililoniudhi si saa wala viatu. Ukifuata ile ramani, sehemu moja wameacha barabara ya msitu wakakata uwanja wa wazi kufupisha kona. Nikaangalia ramani ya miinuko, juu ya ule uwanja mteremko unazidi digrii 30. Maporomoko mengi ya theluji ya aina ya bapa, yaani tabaka zima linakatika kwa pamoja, yanaanzia kwenye miteremko kama hio, baina ya 30 na 45, na siku baada ya nusu mita mpya ndio siku zenyewe. Huna haja uwe juu ya mteremko, ukiwa chini yake yanakukuta. Kuna taarifa ya hatari inayotolewa kwa pamoja na Trentino, Alto Adige na Tirol ya Austria, inatoka kila siku jioni kwa ajili ya kesho yake, daraja 1 mpaka 5, bure kwenye simu. Nikamwuliza mliisoma? Akasema binti alisema ni 3. Wengi wanaona 3 ni katikati wanatulia. Kwenye ile skeli 3 si katikati ya usalama, watu wengi wanafia kwenye 3.

Na sheria ya Italia tangu 1 Januari 2022 inasema wazi kwamba hata wa chaspole, akipita mahali penye hatari ya maporomoko, lazima awe na vitu vitatu mwilini: kile kifaa cha kutoa na kupokea mawimbi ambacho kule wanakiita ARTVA, sepetu, na fimbo ndefu ya kuchomea theluji kutafuta aliyefukiwa. Wale wawili walikuwa navyo. Dogo hakuwa navyo. Yaani yangewaporomokea wote, yeye ndiye asingeonekana, na yeye ndiye asingeweza kuwatafuta wao. Ukifukiwa, nafasi ya kutoka hai inaanguka haraka sana baada ya dakika 10 hadi 15 za mwanzo, hakuna kikosi cha uokozi kitakachowahi kutoka bondeni, anayekuokoa ni uliyetoka naye. Duka lililomkodisha viatu lilikuwa na ARTVA za kukodi kwenye rafu ya nyuma. Hakuna aliyesema.

Mjomba nimemwelezea yote haya barazani tukiwa na kahawa, ile ya kushikana kwa chembe ameikubali baada ya kubisha sana, ya ARTVA akanyamaza, halafu akasema lakini amenona. Sawa.

Dogo tumeshaongea. Akikodi tena anataja kilo zake na mzigo kabla hajataja namba ya buti, na anageuza kiatu asome maandishi yake mwenyewe. Kama theluji ni mpya anachukua vile vya sentimita 75, njia ikiwa imekanyagwa hivi vidogo vinamtosha. Wakifungua njia wao wenyewe, yeye anaingia kwenye zamu ya mbele kama wengine, kwa sababu akitangulia yeye wale wepesi nyuma yake watapita kwa raha mustarehe, tena kwa hatua fupi ambazo binti anaweza kuzifikia. Na ile njia ya mkato ya kwenye uwanja, hapana, mpaka akodi ARTVA na aende kwenye kile kiwanja cha mazoezi ambapo wanafukia vifaa makusudi watu wajifunze kuvitafuta, vituo vingi vya skii vinacho. Ameniahidi kwenda na wale wenzake wawili, na binti amesema yeye ndiye atakayefukia.